Cherehani kwa Falsafa

Basi letu lilikuwa zee na zito, hata kobe mmoja alitupita akatupungia mkono. Mbele yangu mama mshonaji alikuwa ameipakata cherehani yake kama mtoto mwenye homa. Alikuwa anakwenda kuiuza apate ada ya binti yake, aliyechaguliwa chuo kusoma falsafa. Kosa lake ni kumwambia abiria wa pembeni, fundi wa majeneza.

"Falsafa!" Fundi alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Dada yangu, umeona wapi duka limeandikwa 'Hapa tunauza mawazo'? Unalipa miaka mitatu, halafu anarudi kukuuliza kama sufuria ipo kweli!"

"Aniulize tu, kaka, mradi asije akatafuta tundu la sindano kwa macho mabovu kama haya yangu."

"Umeula wa chuya. Yeye shahada ukutani, njaa tumboni, na wewe huna hata cherehani. Falsafa ilishamlisha nani?"

"Wewe unalishwa na maiti, mbona hatukusemi?"

Basi zima liliangua kicheko, nami nikakohoa nisionekane mmbea. Fundi akaipapasa cherehani, akalizungusha gurudumu lake taratibu. Majeneza nayo hushonewa vitambaa kwa ndani, msisahau.

"Kwani unaiuza bei gani?" akauliza, sauti imelainika kama ya mposaji.

"Kwako wewe, kaka, mwaka mzima wa falsafa."

Basi likasimama kituo cha mwisho. Tulishuka sote, isipokuwa wao wawili, na fundi bado amelishikilia lile gurudumu.