Namba Sita za Chama

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi la Nairobi, na tangu Rangwe gazeti langu lilikuwa bado limekunjwa, nikiwasikiliza. Mama Phelesia alikuwa anaenda Uchina kukinunulia cherehani chama chao cha akina mama cha kuweka akiba. Mzee Monari, jirani yake wa kiti, muuza redio aliyewahi kufika huko, alimwonya kwamba noti hazitamsaidia sana, watu hulipa kwa simu.

"Programu tumeshaweka," mama akasema. "Shida ni namba za siri. Ziko sita. Mimi najua mbili, na wenzangu wa chama, Cate mbili, Lynnet mbili. Kila mtu alibonyeza zake, wengine wakiangalia ukuta."

"Kama sanduku la chama, kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake."

"Hivyo hivyo, mzee. Cate amekubali kunitajia zake. Lynnet anasema atataja akishaona cherehani kwa video."

"Na sokoni unafika siku gani?"

"Jumamosi. Jumapili asubuhi narudi."

"Basi Jumamosi umpigie."

Mama akatikisa kichwa. "Lynnet ni Msabato. Jumamosi simu yake inalala kabatini mpaka jua lizame, na huko Uchina itakuwa usiku wa manane."

Mzee alivua kofia, akaivaa tena. Mimi nilianza kuhesabu siku kwa vidole, kana kwamba safari ni yangu.

"Mama, hiyo akili ya kugawana namba ilitoka kwa nani?" mzee akauliza.

Basi lilikuwa linasimama Oyugis.

"Kwangu," akasema polepole. "Wakati huo aliyepaswa kusafiri ni Cate."