Nyembe Tano, Zote Kavu: Kumuaga Mzee Anyelwisye

Tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025, Ndugu Anyelwisye Mwakyoma anastaafu baada ya kuyatumikia Makao ya Wazee ya Nyota ya Asubuhi, hapa Iringa, kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo amekuwa mhudumu wa upande wa wanaume, fundi wa vitanda, msomaji wa barua za wazee wasioona vizuri na, kila Jumamosi, kinyozi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, muuguzi Tekla Mhapa, kazi ya kuandika wasifu wake. Wenzangu wananiita Sista Itakuwaje kwa sababu ya wasiwasi wangu, kwa hiyo msishangae nikianza na swali linalonikosesha raha. Jumamosi ijayo itakuwaje?

Mzee Anyelwisye alizaliwa Mbalizi, Mbeya, mwaka 1965. Ukinyozi alifundishwa na mjomba wake, aliyenyoa watu kwenye kibaraza karibu na soko. Alipofika hapa mwaka 1994 alikuwa na begi moja na wembe wa kukunja aliouzungushia gazeti. Wazee wa Kihehe walimtazama kwa shaka, huyu Mnyakyusa mwenye kisu kirefu kinachojikunja ndani ya mpini wake. Alijifunza kuwaamkia "kamwene" kwa lafudhi ya kwao, wakacheka, wakampa mashavu yao.

Baadaye zilikuja mashine za umeme na nyembe za kutupa, na wazee wengi wakazihamia. Lakini wako ambao hawataki kitu kingine, wanasema mashine inakwangua tu. Kila mmoja wao ana wembe wake, umefungwa uzi wa rangi yake, na haujawahi kugusa kidevu cha mwingine. Mzee akifariki, Anyelwisye humnyoa mara ya mwisho, huusafisha wembe ule na kuukabidhi kwa ndugu zake. Wembe wa marehemu haulali kabatini kwetu.

Wengi mnadhani kazi yake ni kunyoa. Kunyoa ni nusu tu, na ndiyo nusu rahisi. Povu likishafutwa, yeye ndipo huanza. Huusuuza wembe kwa maji ya uvuguvugu, huufuta kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, kamwe si kwa kufuata makali, kisha hupitisha uzi kwenye kiungo cha mpini kutoa nywele na sabuni. Baada ya hapo hupaka spiriti na kuuacha wazi nusu saa ndani ya kabati la wavu lililofungwa, maana ukikunjwa na unyevu, kwa baridi na ukungu wa hapa kwetu, kesho una kutu. Mwisho ni tone moja la mafuta ya cherehani, karatasi kavu, kuhesabu, kuandika daftarini, na ufunguo shingoni.

Mafuta yawe ya cherehani. Hilo nalisisitiza kwa sababu hata yeye alikosea. Majira yake ya baridi ya kwanza chupa ilimwishia, akaomba alizeti jikoni kwa Mama Faustina. Baada ya siku tatu nyembe zilinata kama zimegundishwa, na ule wa Mzee Tadeo ulipofunguka kwa shida ulinuka maandazi. Mzee Tadeo akauliza, "Sasa wewe mwanangu, unataka kuninyoa au kunikaanga?" Anyelwisye anaisimulia habari hiyo mwenyewe mpaka leo, na hucheka kuliko wote.

Tungeweza kuishia hapo, mkapiga makofi, tukala pilau. Lakini ipo Jumamosi moja ya Machi 2013, na nimeibeba miaka kumi na miwili. Nimechoka.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mzee Anyelwisye alikuwa na homa, na mimi nikajitolea kumsaidia kusuuza. Nyembe siku hizo zilikuwa tisa. Nilikuwa nimeushika wa Mzee Eliezeri kengele ya getini ilipolia, wageni wa parokia wameleta mchele. Nikaukunja na maji yake, nikautia mfukoni mwa aproni, nikakimbia. Baadaye aproni ililowa kwa mvua, nikaivua, nikaitupa kwenye kapu la kufua na kuvaa nyingine. Wembe nilikuwa nimeshausahau kabisa.

Saa tisa alasiri alihesabu akapata nane. Akahesabu tena. Mzee Eliezeri alikuwa na tabia ya kuokota kila kinachong'aa na kukilaza chini ya mto wake, vijiko, vifungo, hata saa ya mchungaji. Wazee wengine wawili hawakujua tena wembe ni nini. Tuliwakusanya wote varandani tukawawashia redio, tukapekua magodoro na viatu. Nilipekua nikiomba Mungu asiumie mtu. Ndipo, nikiinama chini ya kitanda, mkono wangu ukagusa mfuko mtupu wa aproni safi, na nikakumbuka.

Nilikimbia kwenye chumba cha kufulia. Anyelwisye, aliyekuwa akipekua hata makapu ya nguo, alikuwa ameshafika. Dada yetu Ikupa, mfuaji, alikuwa amekunja mikono ya gauni anataka kuzamisha mikono kwenye beseni la nguo, yeye akamwambia asubiri, akatangulia kuingiza mkono wake. Aliutoa na wembe, umefunguka, na kiganja kimechanika kutoka kidole cha shahada hadi karibu na kifundo cha mkono. Aproni niliyoiona mkononi mwake ilikuwa imetariziwa jina, kama zetu zote. Alilisoma. Akanitazama. Akasema, "Sista, nenda kawape wazee chai, itapoa."

Kwa Mama Msimamizi alisema amesahau yeye. Daftarini aliandika: "Wembe wa uzi mwekundu umelala mchafu. Kosa la Anyelwisye." Akapewa barua ya onyo. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya mfanyakazi bora wa Mei Mosi mwaka ule, likafutwa. La pili lilikuwa la Tekla Mhapa. Nikaitwa mbele, nikapigiwa vigelegele, nikakabidhiwa mabati ishirini. Nilisema asante. Mabati hayo ndiyo yaliyoezeka nyumba ya mama yangu kule njia ya Tosamaganga, na mvua ikinyesha juu yake mimi silali, ingawa mama analala vizuri.

Wiki iliyopita Mzee Anyelwisye alinikabidhi ufunguo wa kabati. Amependekeza jina langu kwa maandishi, kwamba niwe mtunza nyembe baada yake. Aliuweka kwenye kiganja changu kwa mkono ule wenye kovu. Nilifungua kinywa niseme, naye akaanza upya habari ya mafuta ya cherehani. Nikaupokea ufunguo, kama nilivyoyapokea mabati mwaka ule.

Leo nasema kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Mama Msimamizi Veneranda, jalada la Anyelwisye Mwakyoma linafungwa tarehe 30. Naomba barua ile ya onyo itolewe humo kabla halijafungwa, iwekwe kwenye langu. Ikupa, mikono yako mizima ni ya kwake, mshukuru. Ufunguo nimeubandika nyuma ya nakala yako, Mama, uamue wewe wa kumpa. Nikinyimwa sitanung'unika, nitaogopa tu kwa ajili ya wazee.

Mzee wetu, kwa mashavu yote uliyoyaacha laini bila mkwaruzo, na kwa mkono ulioutanguliza, ndaga fijo, asante sana. Nenda Mbalizi ukapumzike, ule ndizi za kwenu, usihesabu kitu chochote tena. Za kabatini ni tano, zimekauka, zina mafuta ya cherehani. Nimezihesabu mara tatu kabla ya kuandika mstari huu, na daftarini, kwenye ukurasa ule wa Machi 2013, nimekata jina lako kwa wino na kuandika la kwangu.