Programu ya Dada Yake Nukta

Kijiwe chetu kiko nje ya saluni ya Kinyozi: benchi moja, birika la kahawa na watu walewale. Asubuhi ile Nukta, kijana wetu anayetengeneza programu za simu, alikuja macho yamemvimba, akakaa bila hata salamu.

Tulimvuta maneno taratibu. Dada yake, fundi cherehani, aliugua homa ikamwachia uziwi. Nukta akamtengenezea programu: mteja akisema, maneno yanajiandika kwenye simu. Dada akarudi kazini, akarudi kucheka. Kisha lugha ya kompyuta anayoandikia Nukta programu zake ikaletewa mambo mapya, kazi ya mistari kumi ikawa ya miwili. Akanogewa. Akaiandika programu yote upya, akamwekea dada. Kwenye simu ya Nukta ilikwenda vizuri. Ile kuukuu ya dada iliifungua, ikaifunga papo hapo. Haikuyajua maneno mapya ya lugha ile.

Betri, fundi simu, alisema kipo chombo cha kuyatafsiri maneno hayo kwa simu za zamani. Nukta akasema amekijaribu usiku kucha, hakikufua dafu. Kinyozi akadai wenye viwanda wamekula njama kuwazika watu wa simu kuukuu. Betri akamzidi: lugha hizo siku hizi mashine zinajitungia zenyewe, ili sisi tusielewe zinasema nini. Hakuna aliyecheka.

— Basi si urudishe ile ya kwanza, mdogo wangu? Kinyozi akauliza.

— Niliifuta, kaka. Niliiona takataka.

Nukta akatuambia kwamba jana dada alikata gauni la bibi harusi mikono mifupi. Mteja alikuwa amesema mirefu, yeye akabahatisha kwa kutazama midomo. Leo hakufungua duka.

Bado tunatafuta la kumfariji, dada mwenyewe akatokea, simu mkononi. Kijiweni hakuwahi kufika. Alisimama mbele ya mdogo wake, akasema kwa sauti kubwa kidogo, kama wasemavyo wasioisikia sauti yao wenyewe:

— Ile ya kwanza nilikuwa naelewana nayo. Ilikuwa na ubaya gani?

Betri akainamia kikombe chake. Kinyozi akajifanya anaitwa ndani.

Dada alingoja, ameikazia macho midomo ya Nukta. Haikusogea.