Duara Lililokatika Kaengesa

Benchi letu limeegemea ukuta wa studio yangu hapa Mazwi, upande unaopata jua la asubuhi, maana Julai ya Sumbawanga ukikaa kivulini meno yanagongana. Wanaokaa pale ni wapiga picha. Mzee Kasimiri tunamwita Negativu, kwa kuwa chumba chake kimejaa masanduku ya negativu tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe. Maganga, Msukuma anayezunguka minadani na baiskeli, tunamwita Flashi, kwa sababu hata jua likiwaka saa sita mchana yeye lazima apige flashi. Mimi ni Nestory. Wananiita Mwalimu, kwani karibu kila mpiga picha wa mji huu nilimfundisha mimi kuweka filamu kwenye kamera. Flavian ni mmoja wao. Jumatatu ile ya mwaka 2008 tulikuwa tunamsema Flavian, kama tulivyomsema kila siku tangu anunue kamera ya digitali.

— Mmesikia ya kule Kaengesa? Flashi alianza hata baiskeli hajaiegesha. Duara limegoma!

— Duara gani tena? akauliza Negativu.

— Si jubilei ya kwaya, mzee wangu! Miaka ishirini na tano. Flavian kawaahidi picha ya duara, watu hamsini na wawili wote ndani, kwa ile lenzi yake mpya anayoiita jicho la samaki. Jana kalala chali katikati ya kanisa, kwaya nzima imemzunguka, imemwinamia. Kapiga weee! Picha imetoka kama chapati iliyokatwa juu na chini. Waliosimama upande wa kichwani kwake hawana nyuso. Na walisimama nani hapo? Waasisi! Wale wazee wanne waliotoka kijiji cha Kate kwa lori!

Negativu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia koti. Mimi nilicheka kumzidi.

— Mwalimu, wewe si ulikuwepo? Flashi akaniuliza.

— Nilikuwepo, nilikwenda kuwapiga picha watoto wa komunyo.

— Sasa tuambie, tatizo nini?

Nikanywa kahawa polepole. Negativu hakunisubiri.

— Tatizo ni digitali, alisema. Digitali ni kompyuta, na kompyuta inajua pembe nne tu. Ukiiletea duara inachanganyikiwa, inakata.

— Hapana bwana, alisema Flashi. Jina lenyewe linakwambia. Jicho la samaki! Lile dude ni la kupigia picha majini. Angekwenda nalo ziwani Kasanga lingefanya kazi. Huku milimani samaki ataona nini?

— Na baridi, akaongeza Negativu. Ile lenzi imetoka Tunduma, kauziwa na Mzambia. Imefika huku juu, Julai, kioo kimesinyaa. Hata mimi magoti yamesinyaa.

— Mimi nasema wanazikata makusudi huko huko kiwandani. Vile vipande vya juu na chini wanabaki navyo wao. Sasa hivi wazee wa Kate wako Japani, wametundikwa ukutani, hata hawajui!

Tulicheka tena. Ilikuwa raha, sitadanganya. Tangu biashara ilipofunguliwa na kamera zikaanza kumiminika madukani, kila mwezi anatokea kijana anayejua kitu nisichokijua. Lakini Flavian ndiye aliyeniuma. Kwaya ya Kaengesa ilikuwa yangu. Miaka kumi na mitano, Krismasi, Pasaka, harusi za waimbaji, nilipiga mimi. Mwaka huu Bertilla, mwenyekiti wa kwaya, alikuja studio, akanisalimia vizuri, akaniambia: "Kaka Nestory, safari hii tumempa Flavian. Wanakwaya wanataka kitu kipya." Nikamjibu hakuna neno.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu pale bencheni hawakulijua. Ijumaa, siku mbili kabla ya jubilei, Flavian aliniletea ile lenzi nimsafishie, kwani ilikuwa na ukungu pembeni na mimi ndiye mwenye brashi. Aliniachia na kamera yake pia. Alipotoka nikaifunga lenzi kwenye kamera yake, nikachungulia. Duara lilikuwa limekatwa juu na chini. Nikaifunga kwenye kamera yangu ya filamu, kwa kuwa ni za kampuni moja na lenzi inaingia kote kote. Mama yangu! Barabara yote, mabati, mbingu, hata ncha za viatu vyangu, vyote ndani ya duara moja zima.

Nikaelewa palepale. Lenzi ile ilitengenezwa kwa upana wa filamu. Ndani ya kamera ya Flavian, kile kibati kinachopokea picha ni kidogo kuliko filamu. Duara linaangukia juu yake, halienei, linakatika. Alichohitaji ni kamera yangu tu, au lenzi nyingine iliyotengenezwa kwa kamera ndogo kama yake.

Nikamrudishia lenzi inang'aa. Sikumwambia neno.

Na pale kanisani, alipoona kwenye kioo cha kamera kwamba wazee hawapo, aliigeuza kamera ikasimama wima. Wazee wakaingia, wa kulia na kushoto wakatoka. Akaigeuza tena. Jasho lilikuwa linamtoka na baridi yote ile. Mwisho akainua kichwa kutoka sakafuni akanitafuta kwa macho mpaka akanipata mlangoni.

— Kaka Nestory, duara linakatika. Nimekosea wapi?

Kamera yangu ilikuwa shingoni, na filamu ilibakiza picha kumi na mbili.

— Labda wamekuuzia feki, nikamjibu.

Waimbaji walisikia. Mmoja akaguna. Flavian akalala tena chini, akaendelea kupiga huku anajua haitoki.

Basi Jumatatu ile tukiwa katikati ya kicheko cha Japani, Flavian mwenyewe akatokea kwa miguu, lenzi kaifunga kwenye kitambaa. Flashi akajikohoza.

— Shikamoo Mzee Kasimiri. Shikamoo Mwalimu.

— Marahaba, tukaitikia.

— Nimekuja kuaga. Lenzi ni feki, kamera nauza. Narudi nyumbani kulima ulezi. Waasisi wamepanda lori jana ileile bila picha, na mmoja wao, mama Fransiska, alinishika mkono akaniambia nisijali. Bora angenitukana.

Negativu akanyoosha mkono.

— Hebu nilione hilo feki kabla hujaondoka.

Akalipokea, akaligeuza geuza, akalipuliza. Kisha, mimi nikimwangalia tu, akaichukua kamera yangu ya filamu iliyokuwa juu ya benchi, akaifungua lenzi yake, akaifunga ile ya Flavian. Ikalia tik. Akaiweka jichoni akaelekeza barabarani.

— Nestory, alisema taratibu. Mbona duara ni zima?

Flashi akanyakua, akachungulia.

— Duu! Namwona mpaka yule anayeziba pancha kule! Na miguu yangu hii hapa!

Flavian akaipokea mwisho. Alipoishusha hakumtazama Negativu, ambaye alikuwa ameshaanza kueleza mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu, kwamba kumbe filamu ni pana na kile kibati ni kidogo, na lenzi haina kosa lolote. Alinitazama mimi.

— Uliniambia feki, alisema.

Nilitaka kusema sikujua. Nikainamia kikombe changu cha kahawa.

Wakati huo Bertilla alikuwa amefika, bahasha ya picha za jana mkononi, anamtafuta Flavian. Alikuwa amesimama nyuma yetu muda wa kutosha kusikia maelezo yote ya Negativu. Akamwamkia mzee, akaomba naye achungulie. Aliangalia barabara, akageuka polepole akatuangalia sisi wanne kupitia ile lenzi, kisha akaishusha kamera akaushika mkanda wake. Aliutambua. Miaka kumi na mitano alikuwa anauona shingoni mwangu.

— Jana, aliuliza bila hasira, hii kamera ilikuwa wapi?

Flashi akanigeukia, na Negativu naye. Flavian alijisogeza pembeni kidogo ili Bertilla anione vizuri, na wote wanne wakaningoja.