Micah Muiruri na Risasi Zilizong'arishwa

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, saa nane mchana, Sajini Micah Muiruri atarudisha funguo za ghala la silaha la Hifadhi ya Wanyama ya Olmesuti, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Ametimiza sitini, sheria inasema apumzike. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Koplo Weldon Kosgei, niandike wasifu wake katika kijitabu hiki cha ratiba, kwa kuwa nimekuwa msaidizi wake ghalani miaka kumi na mitatu. Niliambiwa niandike kitu cha kuchangamsha watu. Nitajaribu, lakini nisiwadanganye: faili la Muiruri lina barua ya onyo inayosema kwamba uzembe wake ndio uliomtoa askari wetu Kipruto jicho mwaka 2014. Barua hiyo si ya kweli, na sitaki mzee huyu aende nyumbani nayo.

Muiruri alizaliwa Dundori, kwa watu wa viazi na maziwa. Alifika hapa mwaka 1993 kama mlinzi wa geti. Wakubwa walimwona jinsi alivyokuwa akiisafisha bunduki yake kila asubuhi kama mama anayemwogesha mtoto, wakampeleka kozi ya silaha. Alirudi akiwa mwalimu wa shabaha, na hajawahi kuwa kitu kingine tangu hapo. Askari wa wanyamapori zaidi ya mia nne wamepita mikononi mwake, wengine wakitumwa kutoka hifadhi za upande wa Naivasha kwa sababu waajiri wao walisikia kuna mzee Olmesuti asiyecheka na bunduki.

Kusema asiyecheka ni kumsingizia kidogo. Alicheka sana, ila nje ya uwanja. Kuna siku ngiri alikuja na watoto wake wanne akalala mbele ya shabaha namba tatu, na Muiruri akasimamisha mazoezi kwa saa nzima, wakubwa kutoka Nairobi wakingoja juani na suti zao. Alipoulizwa kwa nini asimfukuze, alisema huyo ndiye tunayelipwa kumlinda, kwa hivyo acheni mama alale. Hadithi hiyo bado inazunguka kantini mpaka leo.

Kitu alichokiogopa Muiruri hakikuwa mtu asiyejua kulenga. Kilikuwa risasi mbovu. Wengi wetu tulikuja tukidhani bunduki ikikataa basi bunduki ndiyo mbaya, unaipiga kofi unaendelea. Yeye alitufundisha kwamba mara nyingi bunduki haina kosa, kosa liko ndani ya risasi: baruti imepata unyevu, au ganda limeliwa na kutu, au kichwa kinacheza. Na hapa kwetu hatari hiyo ina mlango wake, kwa sababu desturi ya hifadhi ni kuwapa watu wa doria risasi mpya na kuzileta zile kuukuu uwanjani zimalizwe kwa mazoezi. Ina maana mwanafunzi, ambaye hajui kitu, ndiye anayepewa takataka.

Kwa hivyo Muiruri alizikagua moja moja. Alizimwaga mezani juani, akaziviringisha kwa kidole, na yenye doa la kijani au mbonyeo ikatupwa kwenye sanduku la mbao lililochorwa alama nyekundu ya msalaba. Za sanduku hilo hazikurudi tena. Zilingoja wataalamu waje kuziharibu, na wataalamu, mnawajua wa serikali, walichukua hata miaka miwili kufika.

Risasi ikikataa kulia, sheria yake ilikuwa moja. Elekeza mtutu kwenye kilima kilicho nyuma ya shabaha, usifungue kitu, usigeuke kumtazama rafiki yako, na useme Baba Yetu mara mbili polepole. Koplo Achola aliikimbiza sala hiyo siku moja kama anayefukuzwa na mbwa, akaamriwa aanze upya mbele ya watu wote. Sisi tulikuwa tunavunjika mbavu. Achola alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, ile risasi ikalipuka yenyewe na kupiga kilima. Hakuna aliyecheka tena, na tangu siku hiyo hata mimi, ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, naisema sala hiyo neno kwa neno.

Lakini iliyo mbaya kuliko risasi iliyokataa ni risasi iliyolia nusu. Inatoa sauti hafifu, puf, kama mtu aliyefungua chupa ya soda, na kile kichwa hakitoki. Kinakwama ndani ya mtutu. Ukivuta bolti, lile komeo la kuingizia risasi, ukaweka nyingine na kufyatua, ile ya pili haina pa kupita, na bunduki inapasuka usoni pako. Ndiyo maana wakati wa mazoezi Muiruri hakutazama shabaha hata kidogo. Alitazama kile kilima. Udongo wetu ni mweupe, na kila risasi hurusha vumbi. Palipokosa vumbi, alipuliza filimbi kwanza na kuuliza baadaye.

Sasa nije kwenye ile siku, na wanaokula keki wakati wa kusoma hapa waiweke chini kidogo.

Juni 2014 tulitarajia wakaguzi. Mwaka uliotangulia walikuwa wametukemea kwamba sanduku la alama nyekundu limejaa mno, ati ni dalili kwamba ghala halitunzwi. Muiruri alikuwa Dundori kwa siku mbili, kwenye mazishi ya mjomba wake, akaniachia funguo. Nilikuwa na miaka miwili kazini na nilitaka sifa. Nikafungua lile sanduku, nikachagua risasi ambazo hazikuonekana mbaya sana, nikazilowesha usiku kucha kwenye beseni la dizeli, kisha nikazisugua kwa majivu na kitambaa mpaka zikametameta. Jamani, zilipendeza! Nikazipanga kwenye sanduku la mazoezi. Sikujua, kwa sababu siku alipofundisha hilo nilikuwa nikisinzia, kwamba mafuta hupenya polepole kwenye ganda na kuiharibu baruti.

Wakaguzi walitusifu. Muiruri aliporudi alizitazama zile risasi, akashangaa, akaniuliza zimetoka wapi. Nilimwambia zilikuwa chini kabisa ya rafu, katika shehena ambayo yeye mwenyewe alishaipitisha. Nilimdanganya mtu aliyeniamini, na aliniamini kwa sababu alikuwa amenifundisha mwenyewe.

Alhamisi tarehe 19 askari watano walilala uwanjani kufyatua kwa pamoja. Kipruto alikuwa wa mwisho upande wa kulia. Risasi yake ya tatu ililia nusu, ila kwa mlio wa wale wanne wengine na vizibo masikioni hakusikia tofauti. Muiruri aliona pengo la vumbi. Alipuliza filimbi, akaona Kipruto tayari anavuta bolti, akatimua mbio, mtu wa miaka karibu hamsini, mkono mbele kumnyang'anya. Alikuwa amebakisha hatua moja. Bunduki ilipasuka. Kipruto alipoteza jicho la kulia, na Muiruri vidole viwili vya mkono wa kushoto, vile ambavyo mmeona havipo na wengine mmeogopa kuuliza.

Kabla ya gari la hospitali kufika, akiwa amefunga mkono kwa shati lake, alienda mezani akaokota risasi moja iliyobaki, akainusa. Kisha akanitazama. Siku tatu baadaye, wodini, aliniambia hivi: "Kosgei, wewe umeanza kazi juzi. Ukifukuzwa kwa jambo kama hili hakuna atakayekuajiri tena. Mimi watanivumilia. Lakini siku moja utasema mwenyewe." Mbele ya kamati ya uchunguzi alijibu kwa kifupi kwamba ghala ni lake, funguo ni zake, na yeye ndiye aliyezipitisha zile risasi. Wakaandika uzembe wa msimamizi wa uwanja.

Nilidhani nitasema wiki iliyofuata. Halafu maneno ya kantini yakaanza. Kwamba mwalimu ni Mkikuyu na aliyeumia ni Mkalenjin, na je, ni bahati mbaya kweli? Nyinyi mnajua hapa kwetu maneno kama hayo yanaweza kufika wapi. Mimi Kosgei nilikaa nikayasikia, nikanywa chai yangu, nikanyamaza. Neno langu moja lingeyazima. Nikisema nilikuwa mwoga nitakuwa nimejipunguzia, kwa sababu mwoga hukimbia, mimi nilikaa hapo hapo nikala kwa mgongo wa mtu.

Cheo cha mkuu wa mafunzo, ambacho kila mtu alijua ni chake, kilikwenda kwa mwingine. Hakulalamika. Alirudi uwanjani na mkono wake wa vidole vitatu, akaongeza sheria mpya: askari wanafyatua mmoja mmoja, kamwe si kwa pamoja, na risasi iliyowahi kuguswa na mafuta inahesabiwa imekufa. Watu walinung'unika kwamba mazoezi yamekuwa marefu kama ibada ya mkesha. Hata hivyo, kwa miaka kumi na moja hakuna aliyejeruhiwa Olmesuti, hata mkwaruzo. Hayo ndiyo mafanikio yake, na hayamo katika faili.

Wiki iliyopita niliandika maelezo yangu, nikayaweka mezani kwa mkuu wa hifadhi na kuomba barua ile ifutwe. Ameahidi kwamba itafutwa kabla ya Ijumaa. Yatakayonipata mimi nitayapokea. Kisha nilienda Lanet, ambako Kipruto ana duka la vyakula vya mifugo, nikamwambia yote nikiwa nimesimama kati ya magunia. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, ingawa ningependa angenitukana. Aliniambia nisikanyage tena dukani kwake, na nilipofika mlangoni akaniita nirudi, akaomba namba ya simu ya Muiruri. Miaka kumi na moja hawakuwahi kusalimiana.

Jumapili nikapanda Dundori na karatasi hizi, maana siwezi kuchapisha maisha ya mtu bila yeye kuyasoma. Nilimkuta akipalilia viazi. Alivaa miwani, akasoma akiwa amesimama shambani, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipomaliza mmoja aliushikilia kwapani upepo usiuchukue. Alinirekebisha mahali pamoja tu, kwamba ngiri alikuwa na watoto watano, si wanne.

Halafu akaniambia habari ambayo sikuijua. Mkewe, Wangare, tuliyemzika Agosti mwaka jana, alikuwa akienda Lanet kila Desemba kwa mama yake Kipruto. Alimpelekea gunia la viazi na kumwomba radhi kwa ajili ya mume wake. Muiruri alimwacha aende kila mwaka, kwa sababu angemweleza ukweli, Wangare asingeweza kuufungia kifuani, na mimi ningepoteza kazi. "Umeandika vizuri, Kosgei," alisema. "Lakini Wangare amekufa akijua ni mimi." Akanirudishia karatasi, akainama tena kwenye viazi vyake.

Sajini Muiruri, kwa niaba ya askari wote wa Olmesuti, na hasa wale ambao leo wana macho mawili na vidole kumi kwa sababu yako, tunakushukuru. Tunakuombea miaka mingi ya amani huko Dundori, mvua kwa wakati wake, na watoto wako karibu nawe. Mimi nilichelewa. Kwa Wangare nimechelewa mwaka mmoja na miezi miwili, na hakuna sala ninayoijua inayoweza kuurudisha muda huo.