Mama Vitalia na Konokono wa Ziwa Nyasa

Tarehe 30 Juni 2024, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, Mama Vitalia Kapinga anavua koti jeupe na kutukabidhi funguo za maabara yetu hapa Mbinga.

Binti huyu wa wakulima wa kahawa wa Maguu, milimani, hakuwahi kuligusa ziwa hadi alipoajiriwa. Mwaka 1988 alitumwa kijiji cha ufukweni, jirani na Mbamba Bay, kuchunguza kichocho. Wakati huo mvulana akikojoa damu, wazazi walisema anabalehe tu. Kwa miezi mitano Vitalia aliingia majini bila mabuti, akiokota konokono wanaobeba ugonjwa huo na kuandika kila alipowakuta.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Akina mama waligoma kutoa mkojo wa watoto wao. Nani ajuaye mgeni wa milimani angeufanyia nini? Basi akaweka hadubini mezani nje ya shule, akaleta mkojo wake mwenyewe na kuupima mbele ya wote. Mayai ya kichocho yalikuwemo, yenye ncha kama mwiba. Bibi Theodosia, aliyekuwa mkali kuliko wote, akaomba achungulie, kisha akamshika mkono.

"Mwanangu, kumbe na wewe unaumwa! Basi tunywe dawa wote."

Kabla ya jioni wajukuu wake sita walikuwa kwenye foleni. Inasemekana Vitalia alilia. Mwenyewe husema lilikuwa jua.

Ramani ya konokono hao aliyoichora kwa penseli ndiyo iliyoonyesha visima vichimbwe wapi. Kijijini pale, watoto sita kati ya kumi walikuwa na kichocho alipoanza. Mwaka jana alimkuta mmoja kati ya ishirini. Tulipompongeza alisema, "Bado yuko mmoja," akaendelea kufunga mizigo ya safari.

Tutaukumbuka pia ukali wake. Chupa isiyoandikwa jina ilimwagwa, na mwenye nayo akarudi ziwani kuchukua sampuli upya. Dokta Nathanieli alirudishwa hadi Lituhi kwa kosa hilo, naye ndiye bosi wake.

Asante, Mama Vitalia. Upumzike, ule vizuri, uwe na afya na amani.

Nawe Mzee Mansuetus, mume wake, uliyelea watoto wanne na kupalilia kahawa peke yako wiki baada ya wiki, wala hukuja kulalamika hata siku moja: tunakurudishia mkeo. Tusamehe kwa kuchelewa.