Wasifu wa Mama Ukifa, Aliyetufanyisha Mazoezi ya Kufa

Ndugu, majirani, wateja na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, yule mwenye kiwanda cha uchapaji, na ratiba mliyoishika nimeichapa mwenyewe. Nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu. Nitayasoma kwa utaratibu, tangu kuzaliwa hadi kufariki, kwa sababu alichukia karatasi isiyo na mpangilio. Ila nawaomba msichoke njiani. Wiki hii kuna mtoto wa nyumba hii tuliyemsema vibaya, na mimi nilikuwa mmoja wa wasemaji. Siwezi kumzika dada yangu na jambo hilo likiwa bado limenikaa kooni.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yetu alikuwa mtengenezaji wa sabuni na mama alikuwa mshonaji. Alizaliwa katika chumba cha nyuma, ukuta mmoja na karakana ya baba, na mama alipenda kusema kwamba mtoto huyu alikuja duniani akiwa tayari ananukia sabuni. Utundu wake ulionekana mapema. Akiwa na miaka tisa alitugawia mpira mmoja kwa maandishi, mimi na dada yetu wa katikati: asubuhi wangu, jioni wa dada, na ukipasuka, anayelaumiwa ni mpira. Ulipasuka asubuhi. Baba aliposhika mkanda, nilimwonyesha mkataba, akacheka, nikapona.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mwisho wa mtaa wetu kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1977 akaingia chuo kikuu kusomea sheria. Akiwa mwaka wa tatu, tarehe 3 Oktoba 1979, baba alianguka karakanani na hakuamka. Hapo ndipo tulipogundua kwamba leseni, akaunti ya benki, kiwanja, hata mita ya maji, vyote vilikuwa kwa jina la baba peke yake. Baba zetu wadogo walisema karakana ni ya ukoo. Mama akasema ni ya watoto. Mawakili wa pande zote mbili wakasema tusubiri. Tulisubiri miaka sita, lango likiwa na kufuli la mahakama. Lilipofunguliwa, sabuni iliyokuwa jikoni siku ya msiba ilikuwa imeganda ndani ya masufuria, tukaichonga kwa patasi. Mafundi kumi na mmoja walikuwa wametawanyika, kila mmoja na njia yake, na karakana haikufufuka tena.

Mimi niliwachukia baba wadogo kwa muda mrefu. Dada hakuwachukia. Aliniambia, "Wale si watu wabaya. Baba hakuwaachia maandishi, kwa hiyo akawaachia ugomvi." Maneno hayo ndiyo yaliyomchagulia kazi.

Alianza na ofisi ya mapato ya serikali mwaka 1982, akakaa huko miaka minane, na tarehe 2 Aprili 1990 akafungua ofisi yake mwenyewe ya ushauri wa sheria na kodi: vyumba viwili juu ya duka la dawa, ngazi ya chuma, benchi moja la wateja na kabati la mafaili lenye mlango unaogoma. Hakuyataka makampuni makubwa. Alitaka watu kama baba: mwenye gereji, mwenye mashine ya kusaga, mama mwenye maduka mawili ya vitambaa, watu ambao biashara yao na familia yao vinakula sahani moja. Aliwafundisha kujilipa mshahara badala ya kuchota kwenye droo. Aliwafundisha kuwapa watoto hisa wakiwa hai, kidogo kidogo, kwa njia ambayo sheria ya kodi inaikubali, badala ya kuwaachia mzigo wote siku moja. Waliotaka njia za panya aliwarudisha mlangoni. Alikuwa akisema, "Kupanga kodi ni haki yako, kuificha ni jela. Mimi nakaa hapo katikati na kalamu." Bwana mmoja alimpelekea vitabu viwili vya hesabu, cha kweli na cha kuwaonyesha wakaguzi. Dada aliviangalia vyote, akamuuliza, "Ukifa, mkeo ataonyesha kipi?" Bwana huyo alirudi nyumbani na kitabu kimoja.

Swali hilo ndilo lililompa jina. Kila mteja mpya, kabla hata hajakaa vizuri, aliulizwa: ukifa, nani ana ufunguo? Ukifa, nani anajua deni la msambazaji? Ukifa, nani atatia saini? Wengine waliondoka wakidhani wamerogwa. Waliobaki walimwita Dada Ukifa, na alipozaa, Mama Ukifa. Nimeambiwa kuna watoto mtaani waliokua wakiamini hilo ndilo jina lake la kuzaliwa.

Maswali hayakumtosha, kwa hiyo akaanzisha mazoezi. Mara moja kwa mwaka alikwenda kwenye biashara ya mteja asubuhi, akamkalisha mwenye mali kwenye kiti cha pembeni, akampa kikombe cha chai na kumtangazia kwamba kuanzia sasa yeye ni marehemu. Familia na wafanyakazi waendeshe siku nzima bila yeye. Marehemu haruhusiwi kusema, kuonyesha kidole wala kukohoa kwa maana. Rafiki yetu mwoka mikate, aliyeko hapa leo na anayejua kwamba nitamtaja, alishindwa kabla chai haijapoa. Mwanawe wa kwanza alipokuwa anapekua kabati kutafuta hati ya tanuri, mzee alipiga kelele, "Si humo, wewe! La chini! La chini!" Dada hata kugeuka hakugeuka. "Marehemu hasemi," alimwambia. Mzee akajiziba mdomo kwa aproni. Ikawa anamwangalia mkewe, ambaye kwenye karatasi hakuwa chochote, akimpigia simu mwenye unga, akituliza madereva, akitoa hati kutoka mahali ambapo mzee mwenyewe alikuwa amepasahau. Jioni, alipofufuliwa, mzee hakutania. Aliuliza tu, "Huyu mwanamke nimemwandika wapi?" Mwezi huohuo mama huyo alipata nusu ya hisa, na hadi leo mikate inatoka.

Na mimi nilifanyiwa. Wanangu walitafuta mkataba wa mashine ya kuchapia saa nzima hawakuuona, ila waliona pakiti nane za biskuti nilizokatazwa na daktari. Dada alicheka hadi akaomba kiti changu cha marehemu akae yeye.

Mwaka 1986, kabla hajawa na ofisi, alikuwa akiwasaidia watu wa mtaani jioni, na ndipo alipokuja fundi saa kijana kuuliza namna ya kusajili kibanda chake. Alipata swali kama wengine: "Ukifa, saa za watu zilizoko mezani atazirudisha nani?" Fundi akasema hajui, hana mtu. Dada akaandika kwenye fomu: hakuna. Fundi alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, kila mara na saa zote zikiwa zimefungwa vikaratasi vya majina, kuonyesha kwamba analifanyia kazi jambo hilo. Mara ya nne akasema, "Nimempata wa kuzirudisha." "Nani?" "Wewe, ukikubali." Walifunga ndoa tarehe 11 Julai 1987. Shemeji, wewe ni mtu wa maneno machache, lakini hayo yalitosha. Walijaliwa watoto wawili: binti, ambaye alisomea sheria akaenda kufanya kazi na mama yake mwaka 2013, na mtoto wa kiume, mwalimu wa hesabu. Ilikuwa nyumba yenye furaha na kelele nyingi. Saa za ukutani zilikuwa kumi na nne na hakuna mbili zilizokubaliana.

Mwezi Agosti 2021 marehemu alianza kuchoka akipanda ile ngazi ya chuma. Madaktari walisema moyo umepanuka. Alitibiwa vizuri, nasi tunawashukuru wauguzi wa wodi ya moyo kwa uvumilivu wao, kwa maana kila mmoja wao aliulizwa kama ana wosia. Alipotoka hospitali, binti yake alimwambia jambo ambalo sisi wote tuliliogopa: "Mama, na wewe kaa kwenye kiti."

Waswahili husema mganga hajigangi. Dada yangu alikuwa amezika, kwa mazoezi, nusu ya wafanyabiashara wa mji huu, na yeye mwenyewe hakuwahi kufa hata siku moja. Alikalia kiti tarehe 15 Novemba 2021, na mimi nilikuwepo. Ilikuwa aibu tupu. Ritani za kodi za wateja, zile taarifa zao za mwaka, hutumwa kwa mtandao, na kumbe njia yote ilipita kwake: namba za uthibitisho zilikuja kwenye simu yake, neno la siri lilikuwa kichwani mwake, na leseni ya ofisi ilikuwa kwa jina lake peke yake. Peke yake, kama baba. Binti aliuliza hewani, "Neno la siri ni lipi?" na marehemu akamjibu papo hapo. "Marehemu amesema!" tukapiga kelele. Hadi saa sita mchana alikuwa amesema mara tano. Kisha akanyamaza kwa kweli, nami nikamwona anafuta macho. "Miaka thelathini na moja," alisema, "na nimejenga lango lilelile la baba."

Hakulia mara mbili. Kesho yake alianza kuhamisha kila kitu. Mkataba wa ubia kati yake na binti ulitiwa saini tarehe 7 Februari 2022. Kila mteja aliandikiwa barua, na kila neno la siri likabadilishwa asilijue yeye. Aprili alirudi kitini na hakuna aliyemuuliza lolote. Alikunywa chai yake akasinzia. Kisha akampa binti agizo moja, mbele ya baba yake na kaka yake: "Siku ya mwisho ya ritani ni tarehe 30 Juni. Nikifa karibu na hapo, ofisi isifungwe. Wale watu wameniamini. Nililie baadaye."

Alifariki Jumapili, tarehe 26 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ilikuwa siku nne kabla ya mwisho wa ritani.

Sasa nafika kwenye jambo nililoahidi. Jumatatu msiba ulijaa watu na binti hayupo. Jumanne hayupo. Mlimwona akija jioni, anaoga, analala, alfajiri anaondoka. Shangazi yetu alisema kwa sauti, "Huyu mtoto ana moyo wa jiwe? Mama yake hata hajazikwa, yeye anakimbilia pesa!" Mimi sikumkanya shangazi. Niliitikia kwa kichwa, na Jumatano nikachukua funguo za gari kwenda kumleta kwa nguvu. Sikuwa najua lolote kuhusu agizo. Shemeji alikuwa hana hali ya kusema, na mpwa wangu mwalimu alidhani tunajua.

Nilimkuta ofisini kwenye meza yake ya siku zote. Ile ya mama yake hakuigusa. Macho yalikuwa yamevimba hata sijui alisomaje. Benchini walikuwa wamekaa wateja watatu, kila mmoja na bahasha yake, hawajui kama watoe pole kwanza au makaratasi. Nikasema, "Inuka twende nyumbani. Unatuaibisha." Hakuinuka.

"Mjomba, kaa," alisema. "Zimebaki kumi na saba. Mama alisema nimlilie baadaye."

Ndipo akanieleza agizo. Nilikaa. Nilikaa siku hiyo na Alhamisi yote, nikipokea bahasha na kuwaambia watu wapunguze sauti, kwa sababu kazi nyingine siijui. Ritani ya mwisho, ya mama wa maduka ya vitambaa, ilikubaliwa Alhamisi saa tisa na dakika ishirini alasiri. Binti alizima kompyuta na kuandika tarehe kwenye daftari. Sikumwona akidondosha chozi.

Tulipofika nyumbani wanawake walikuwa wamekaa mkekani. Alivua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja hadi kwa shangazi yuleyule, akalaza kichwa mapajani mwake, na hapo akalia kilio ambacho alikuwa amekishikilia tangu Jumapili. Alilia hadi jua likazama. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kwa hiyo nasema mbele yenu na mbele ya jeneza la dada yangu: mtoto huyu hakukimbia msiba wa mama yake. Alikuwa ndani yake kuliko sisi sote. Mjomba wako amekukosea, mwanangu, naomba unisamehe. Na wengine waliosema kama mimi, wampe mkono leo kabla hawajatoka hapa. Shangazi ameshampa.

Marehemu ameacha mume, fundi saa, binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watatu, mdogo wake wa kike na mimi mdogo wake wa kiume, shangazi, na familia arobaini na mbili ambazo biashara zao zinajua pa kwenda.

Dada, pumzika kwa amani, mambo yako yako sawa. Jumatatu saa mbili asubuhi ofisi itafunguliwa, na hatutakuuliza kitu.